Nyumba ya kiwandani au ya tofali: ukijenga Tanga uchague ipi?

Ukipita Kange, Mikanjuni au ukielekea Pongwe utayaona maboma. Kuta zimefika lenta, nondo zimechomoza juu zikashika kutu, na vyumbani majani yamepanda hadi usawa wa dirisha. Wenyewe si wavivu. Wanajenga kwa mshahara, kwa msimu wa machungwa ya Muheza, kwa fedha ya mtoto aliyeko Dar au Muscat, na fedha ikikatika fundi naye anaondoka. Mtu wa namna hiyo akiona tangazo la nyumba iliyotengenezwa kiwandani, inayoletwa kwa lori na kuhamiwa baada ya wiki chache, lazima asimame asome.

Hapa naziweka nyumba hizo mbili ubavu kwa ubavu, ya kiwandani na ya tofali, kwa ajili ya mtu mwenye kiwanja Tanga anayetaka kuamua. Wengi huanza kwa kuuliza ipi imara zaidi. Mimi ningeanza na swali jingine: fedha yako inaingia kwa mkupuo au kidogo kidogo? Ukishalijibu hilo, mengi yaliyobaki yanajipanga yenyewe.

Tunalinganisha nini

Wauzaji huita nyumba ya kiwandani vitu vinne ambavyo havifanani, na mnunuzi asipovitenganisha atalinganisha bei zisizolingana.

Iliyo kamili kuliko zote ni nyumba ya vipande. Kila kipande ni chumba au nusu ya nyumba, kimetoka kiwandani kikiwa na sakafu, kuta, dari, nyaya, mabomba, hata vigae vya bafuni. Kwenye kiwanja kreni inavipanga juu ya msingi, mafundi wanaviunga, kisha umeme na maji vinaunganishwa. Sweden nyumba nyingi za familia moja hutoka viwandani, na Japan kampuni ya Sekisui imeuza nyumba za vipande tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sifa nyingi unazozisoma kuhusu ujenzi huu zinatokana na nyumba za aina hii.

Ya pili ni ya paneli: karatasi mbili za chuma zilizobana povu au pamba ya mawe katikati, zinaletwa zikiwa zimelala kama mbao na kusimamishwa hapo hapo kiwanjani kwenye fremu ya chuma chepesi. Ya tatu ni kontena la meli lililokatwa madirisha na milango. Ya nne ni zile za kukunjuka kutoka China, zinazosafiri zikiwa na ukubwa wa kontena la futi 20 na kufunguliwa mabawa zikifika. Zikifunguliwa zinatoa karibu mita za mraba 37. Nitakapotaja nyumba ya kiwandani bila kufafanua, nakusudia ya vipande na ya paneli. Kontena na za kukunjuka nitazitaja kwa majina yake.

Muda

Hapa kiwanda kinashinda wazi. Wakati msingi unamwagwa Mabokweni, kuta na paa vinaundwa kwingine chini ya kivuli, siku hiyo hiyo. Kampuni ya ushauri ya McKinsey, ilipochambua ujenzi wa vipande mwaka 2019, ilikuta kwamba unaweza kufupisha muda wa mradi kwa asilimia 20 hadi 50. Mvua haikatizi kazi ya kiwandani, na sisi tunaijua masika ya Tanga: kuanzia Machi hadi Mei kuna siku fundi anafika asubuhi, anatazama anga, anageuza baiskeli.

Nyumba ya tofali ina kungoja kwake ambako hakukwepeki. Tofali la saruji linataka kumwagiliwa maji angalau siku saba. Zege la jamvi na lenta hupimwa nguvu yake kamili siku ya 28. Anayekujengea upesi kuliko hapo anakula uimara wa nyumba yako, hata kama unafurahi kuona kuta zinapanda.

Ila huo wepesi wa kiwanda una sharti. Fedha lazima iwepo. Kiwanda hakikuuzii ukuta mmoja mwezi huu na mwingine Idi ijayo. Kinataka sehemu kubwa kabla ya kukata chuma, na iliyobaki kabla ya mzigo kutoka getini. Nyumba ya tofali inakuvumilia. Leo unanunua tofali mia mbili, mwakani msingi, mwaka wa tatu kuta. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa familia nyingi za Tanga hiyo ndiyo njia pekee ya kuwa na nyumba bila deni. Boma la Kange linasikitisha kulitazama, lakini lina thamani: ni akiba iliyosimama wima, ambayo haiwezi kutolewa na kutumiwa kwenye harusi.

Bei

Nimesoma matangazo yanayoahidi kwamba nyumba ya kiwandani ni rahisi kuliko ya tofali. Kwa Ulaya inaweza kuwa kweli, na sababu yake ni ujira. Kule fundi ni ghali, hivyo kila saa ya kazi unayoihamishia kwenye mashine ni fedha iliyookolewa. Tanga hesabu inageuka. Ujira wa fundi na saidia fundi ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha inaliwa na vifaa. Na kifaa kikuu kiko mlangoni: saruji inatengenezwa Pongwe, chokaa na kokoto zinatoka Maweni na jirani zake. Ukiagiza paneli kutoka nje unalipia meli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kwa kitu ambacho badala yake, yaani saruji, kiko umbali wa safari ya daladala.

Kwa hiyo usitarajie urahisi wa bei. Unachokinunua kiwandani ni bei inayojulikana. Mkataba unasema kiasi fulani, na kama vipimo havijabadilika kinabaki hicho. Kwenye tofali, nani amewahi kumaliza nyumba kwa makadirio ya kwanza? Bati limepanda, nondo zimepungua usiku, mifuko mitatu ya saruji imeganda kwa unyevu, fundi amepima vibaya tukabomoa ukuta wa choo. Hasara hizi haziandikwi popote, na ndiyo sababu watu husema nyumba ya tofali ni rahisi. Anayejenga akiwa mbali, akituma fedha kwa simu na kupokea picha, anaziumia zaidi ya wote. Kwake yeye bei ya kiwandani inayoonekana kubwa huenda ikawa ndogo.

Unapolinganisha, omba bei ya nyumba ikiwa imesimama kwenye kiwanja chako na taa inawaka. Bei ya tangazo mara nyingi haina msingi, kreni, usafiri, shimo la maji taka, wala maunganisho ya TANESCO na Tanga UWASA. Kreni peke yake hukodishwa kwa siku, na kama njia ya kwako ina mchanga laini au nyaya zimening'inia chini, siku moja inakuwa mbili.

Joto, chumvi na mvua

Hapa ndipo ningetaka msomaji asimame zaidi, kwa sababu vipeperushi vya wauzaji vimeandikwa kwa nchi za baridi.

Ukuta wa tofali la inchi 6 ni mzito. Tofali moja lina karibu kilo 30, na ukisimamisha tofali, mita moja ya mraba inakula karibu tisa. Ukuta wa paneli nyembamba unaweza kuwa na kilo kumi na ushee tu kwa mita hiyo hiyo. Uzito ule unahifadhi joto. Mchana ukuta wa tofali unakukinga, lakini jioni unaanza kulirudisha. Weka kiganja kwenye ukuta unaotazama magharibi saa nne usiku mwezi wa pili, bado una vuguvugu, na ndani watu wamelala mlangoni. Paneli yenye povu la kutosha haifanyi hivyo. Jua likizama inapoa mara moja, na ukiweka kiyoyozi hakipotezi ubaridi, hata luku inadumu.

Lakini paneli hiyo hiyo bila upepo ni tanuri. Nyumba za kukunjuka na makontena mengi zina madirisha madogo na dari ya chini, zimebuniwa kwa kufungwa. Tanga unyevu ndio adui, kuliko hata joto lenyewe, na dawa yake ni upepo wa kusi na kaskazi upite moja kwa moja ndani. Agiza madirisha makubwa yanayotazamana, dari isipungue mita 2.7, na nyumba iinuliwe juu ya nguzo fupi ili hewa ipite chini. Kisha jenga paa la pili la bati juu ya lile la kiwandani, lenye mwinamo na upenu mrefu pande zote. Gharama yake si kubwa, na linafanya kazi tatu: linatupa kivuli, linapitisha upepo kati ya paa mbili, na linalinda maungio dhidi ya mvua. Nyumba ya kukunjuka iliyowekwa Tanga bila paa la pili mimi singeinunua.

Maungio ndiyo mahali pa kuikagua nyumba ya vipande. Pale vipande viwili vinapokutana pana mpira wa kuziba, juu yake kifuniko cha bati. Pitisha kidole gumba taratibu kwenye mstari wote. Kama mpira umejikunja, au umenyooshwa hadi ukawa mwembamba, au silikoni imepakwa juu ya vumbi na inabanduka kwa ukucha, maji yatapita. Maji hayo hayatadondoka pale yalipoingilia; yatatembea ndani ya ukuta na kutokea chumba kingine, na ndiyo maana mafundi huhangaika kutafuta chanzo.

Chumvi ni habari nyingine. Raskazone na Chongoleani si sawa na Pongwe. Karibu na bahari chuma cha kawaida hakidumu, na kutu huanzia pale ambapo mtu hatazami: kwenye vichwa vya skrubu na kingo zilizokatwa. Muulize muuzaji chuma cha fremu kina zinki kiasi gani. Alama Z275, kwa mfano, maana yake ni gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Asiyeweza kukujibu anauza asichokijua. Ufukweni ningetaka zaidi ya hapo, pamoja na skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Tofali nalo halijasalimika. Mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi, na nondo zikizikwa kwenye zege la mchanga huo zinavimba kwa kutu hadi lenta inapasuka kwa chini. Nyufa hizo zipo mjini, kwenye nyumba ambazo si kongwe hata kidogo. Na tofali za kununua barabarani, mfuko mmoja wa saruji ukinyooshwa mno ili utoe tofali nyingi, unazikwaruza kwa funguo zinamwagika. Kiwanda kinachojiheshimu hakikufikishi hapo, kwa kuwa kila kitu kinapimwa na mtu yule yule kwa kipimo kile kile kila siku.

Kwa mchwa, fremu ya chuma ina faida ya wazi: hailiwi. Kenchi za mbao zisizotiwa dawa, hasa viunga vya mashambani, mchwa huzimaliza kimya kimya. Hata hivyo povu jepesi lina wageni wake, sisimizi na panya, wanaochimba njia ndani wakipata tundu. Pamba ya mawe haiwavutii kiasi hicho, na kwa moto ni salama zaidi sana. Tangu jengo la Grenfell Tower lilipoungua London mwaka 2017 na kuua watu 72, dunia nzima imejua plastiki iliyojificha kwenye kuta za nje inaweza kufanya nini. Kwa nyumba ambayo jiko la mkaa linawashwa barazani, lipia tofauti ya bei uchukue pamba ya mawe.

Upepo pia. Nyumba nyepesi lazima ifungwe chini kwa boliti zilizozikwa kwenye zege. Pwani yetu haipigwi na vimbunga mara kwa mara, ila kile cha Aprili 1872 kilibomoa misheni ya Bagamoyo, na Mei 2024 Hidaya ilifika hadi maji ya Mafia.

Upana wa chumba

Kipande cha nyumba hakiwezi kuwa kipana kuliko barabara inavyoruhusu. Mzigo unaozidi upana wa kawaida unataka kibali maalumu cha TANROADS, na kutoka Dar hadi Tanga ni takribani kilomita 350 za malori na mabasi. Hivyo vipande vingi ni vyembamba na virefu. Wazee wa pwani waliishi na mpaka wa aina hii. Katika nyumba za mawe za Pangani na Bagamoyo upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndiyo maana vyumba vile ni virefu kama ujia. Walivizoea na wakavipamba. Mtu wa leo mwenye kitanda cha futi sita kwa sita na kabati la milango minne ana shida kubwa kuliko yao. Kontena lina upana wa mita 2.35 kwa ndani. Kitanda hicho kinachukua 1.83. Unabaki na nusu mita, na bado hujaweka povu na ubao wa ukutani.

Dawa ni kuunga vipande viwili ubavu kwa ubavu na kuondoa ukuta wa kati, au kuchagua paneli, ambazo hazina mpaka huo. Kwenye tofali chumba ni kikubwa kadiri unavyotaka, na kesho mtoto akioa unaongeza chumba cha uani kwa fundi wa mtaa huo huo. Nyumba ya kiwandani ukitaka kuiongeza unarudi kwa aliyeiunda, kama bado yupo. Jengo la Nakagin la Tokyo, lililokamilika mwaka 1972 likiwa na vijumba 140 vya kiwandani, lilibuniwa ili vijumba vibadilishwe kila baada ya miaka 25. Havikubadilishwa hata mara moja, na mwaka 2022 jengo likaondolewa. Walikuwa Japan, nchi ya viwanda. Sisi tujiulize vipuri tutavipata wapi.

Shangazi yangu wa Chumbageni aliposikia nikizisifu nyumba hizi aliuliza, "Na nikitaka kupigilia msumari nitundike picha ya babu yako, mwanangu, ukuta utakubali?" Picha utakubali. Kabati la vyombo hautakubali, wala kiyoyozi, isipokuwa pale kiwandani palipowekwa ubao au chuma cha kushikilia. Kwa hiyo kabla ya kusaini chora kila kitu kizito kitakapokaa.

Karatasi

Kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji kinahitajika kwa nyumba zote mbili. Kuja kwa lori hakuiondoi nyumba kwenye sheria. Benki nayo hutazama hati ya kiwanja na jengo lililoshikamana nacho, hivyo nyumba inayoweza kung'olewa itakupa kazi zaidi ukitaka mkopo.

Lakini kung'oleka huko kwa mwingine ni neema. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Mwenye mkataba wa miaka michache kwenye bomba la mafuta Chongoleani, mwenye shule au zahanati kwenye ardhi ya kukodi, mwenye kibanda cha wageni ufukweni ambako maji ya bahari yanakula ardhi mwaka hadi mwaka: hawa tofali watalimwaga na kuliacha. Nyumba ya vipande wataibeba.

Ningemshauri nani nini

Mwenye fedha mkononi, kiwanja chenye njia pana, na haraka ya kweli, achukue ya kiwandani, ya vipande au paneli za pamba ya mawe, na paa la pili juu. Anayejenga akiwa mbali namshauri hivyo hivyo, hata ikigharimu zaidi kidogo. Anayejenga kwa mshahara abaki na tofali bila kuona haya, ila aanze na vyumba viwili anavyoweza kuvipaua, ahamie, ndipo aongeze. Boma la vyumba vitano linakaa bila paa muda mrefu mno.

Kuna pia njia ya katikati ninayoipenda kuliko zote kwa Tanga: kuta za mahali hapa, na paa kutoka kiwandani. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehimiza kwa miaka mingi matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kwa udongo na saruji kidogo, hayachomwi, na hayahitaji udongo wa kujengea katikati ya kila mstari. Ukuta unapanda haraka. Juu yake unaweka kenchi za chuma zilizokatwa kiwandani kwa kipimo chako, zinazofungwa kwa skrubu kwa siku chache na mchwa hazimpi kitu.

Ukiamua kununua iliyo kamili, gawa malipo kwa hatua: mwanzo, baada ya kuikagua kiwandani kwa macho yako au ya mhandisi wako, ikifika kiwanjani, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi masika ya kwanza ipite. Muuzaji akikataa hiyo ya mwisho, mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyoisimamisha karibu na bahari, iliyoshapitia masika mbili, uzungumze na wenyewe yeye akiwa amesimama nje.